Henry Cavendish: Mtu Aliyepima Kazi ya Tindikali

1. Tuanze nyumbani

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kumwona mtu akisugua sinia ya shaba kwa ndimu au kwa ukwaju. Sinia ilikuwa nyeusi. Baada ya kusuguliwa inang'aa kama mpya. Je, umewahi kujiuliza ni kitu gani kilichomo ndani ya ndimu kinachofanya kazi hiyo?

Kitu hicho ni asidi. Asidi ndiyo inayoleta uchachu. Imo katika ndimu, katika ukwaju, katika siki na katika maziwa ya mgando. Asidi hizi za vyakula ni dhaifu. Lakini ziko nyingine zilizo kali sana. Hizo huitwa tindikali.

Maji ya betri ya gari ni tindikali. Yakidondokea nguo, nguo hutoboka. Yakidondokea ngozi, ngozi huungua. Yakimwagikia kipande cha chuma, chuma hutoa mapovu. Mapovu yanaendelea kutoka, na chuma kinaendelea kuliwa. Tindikali ikiwa ya kutosha, chuma chote kitakwisha.

Watu waliijua tabia hiyo ya tindikali tangu zamani. Lakini kuona si kupima. Je, tindikali ikiwa kali zaidi, chuma huliwa upesi zaidi? Na hewa inayotoka katika yale mapovu, nayo huongezeka?

Katika somo hili utasoma maisha ya mtu aliyekaa na kuyapima mambo hayo. Aliitwa Henry Cavendish. Jina hilo hutamkwa Henri Kavendishi. Aliishi Uingereza, zaidi ya miaka 200 iliyopita.

2. Kuzaliwa na kusoma kwake

Henry Cavendish alizaliwa tarehe 10 Oktoba 1731, katika mji wa Nice. Mji huo leo uko Ufaransa. Wazazi wake walikuwa Waingereza waliokuwa wakikaa huko kwa muda. Ukoo wao ulikuwa wa makabaila wakubwa, wenye mashamba mengi na watumishi wengi.

Lakini mali haizuii msiba. Henry alipokuwa na umri wa miaka miwili hivi, mama yake alifariki. Akalelewa na baba yake, Charles Cavendish, pamoja na ndugu yake mdogo.

Baba yake alikuwa kabaila, lakini alipenda sayansi. Alijua kutengeneza vipimajoto. Alipima joto, mvua na hewa, akaandika aliyoyaona. Henry alikua akimwona baba yake akifanya hivyo. Mtoto huiga anayoyaona nyumbani.

Mwaka 1749 Henry aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge. Alisoma huko zaidi ya miaka mitatu. Mwaka 1753 aliondoka bila kuchukua shahada. Usidhani kwamba aliacha kusoma. Alirudi London kukaa na baba yake, akaendelea kusoma vitabu na kufanya majaribio nyumbani. Aliendelea hivyo mpaka alipokufa. Somo halina mwisho, ndugu msomaji. Wewe unayesoma ukurasa huu unalijua hilo.

Mwaka 1760 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya London. Hicho ni chama cha wanasayansi wa Uingereza. Baba yake ndiye aliyekuwa akimpeleka kwenye mikutano yao, hata kabla hajawa mwanachama.

3. Mtu mwenye haya nyingi

Cavendish alikuwa na haya kupita kiasi. Aliogopa kuongea na watu, na zaidi aliogopa kuongea na wanawake. Inasimuliwa kwamba alipotaka chakula, aliandika kikaratasi na kukiacha mezani ili mtumishi akikute. Inasimuliwa pia kwamba alijengesha ngazi ya pili nyumbani kwake, ili asikutane na mtumishi wa kike njiani.

Mavazi yake yalikuwa ya zamani. Alivaa koti lililochujuka rangi na kofia ambayo wenzake walikwisha kuiacha. Hakuoa, na hakupenda karamu. Mahali alipokwenda mara kwa mara ni kwenye mikutano ya wanasayansi. Hata huko, mtu aliyetaka asikie neno lake hakumwelekea usoni. Alipita karibu naye, akazungumza kama anayeongea na hewa. Hapo ndipo pengine Cavendish alijibu.

Baadaye alirithi mali nyingi, akawa mmoja wa matajiri wakubwa wa Uingereza. Hata hivyo hakubadili maisha yake. Fedha zake alizitumia kwa vitabu na vyombo vya kupimia. Vitabu vyake aliviweka katika nyumba moja huko London, ili wasomi wengine waweze kuvisoma. Yeye mwenyewe alipochukua kitabu, aliandika jina lake katika daftari kama wengine. Kitabu kilikuwa chake, lakini utaratibu aliufuata.

Mtu wa namna hii ndiye aliyeketi peke yake kuiangalia tindikali ikila chuma.

4. Jaribio lenyewe

Cavendish hakuwa wa kwanza kuyaona mapovu hayo. Karibu miaka 100 kabla yake, mwanasayansi mwingine aitwaye Robert Boyle alitia vumbi la chuma katika tindikali. Aliona kwamba hewa inayotoka inashika moto. Lakini hakuna aliyejua vizuri hewa hiyo ni kitu gani.

Cavendish alichukua metali tatu: zinki, chuma na bati. Metali ni vitu kama chuma, shaba, zinki, risasi na dhahabu. Akachukua tindikali za aina mbili. Ya kwanza ni ile ambayo leo tunaikuta katika betri za magari. Ya pili ilitengenezwa kwa chumvi.

Sasa sikiliza jinsi alivyofanya, maana akili yake inaonekana hapa.

Kwanza alizimua tindikali. Kuzimua ni kupunguza ukali kwa maji. Kama tindikali ina maji kidogo, twasema imekolea. Kama ina maji mengi, twasema imezimuliwa.

Pili, aliipima metali katika mizani kabla ya kuitia ndani ya tindikali. Hakutumia kipande chochote tu cha kuokota.

Tatu, hakuiacha hewa ipotee. Alijaza chupa maji mpaka pomoni. Akaipindua chupa ile, mdomo chini, ndani ya chombo kingine chenye maji. Hewa kutoka kwenye tindikali ikapita katika bomba jembamba na kuingia ndani ya chupa. Kadiri hewa ilivyoingia, maji yalishuka. Mwisho wake akapima ni hewa kiasi gani iliyoingia.

Nne, aliandika kila kitu. Asingeandika, kazi yake ingekufa pamoja naye.

5. Mwendo wa kazi

Jambo la kwanza aliloliona ni kwamba metali haziliwi kwa mwendo mmoja.

Zinki iliyeyuka kwa haraka sana. Kama tindikali haikuzimuliwa sana, chombo kilipata joto kali. Chuma nacho kiliyeyuka vizuri katika ile tindikali ya betri iliyozimuliwa, lakini hakikufikia haraka ya zinki. Katika ile tindikali ya chumvi, chuma kiliyeyuka polepole kilipokuwa baridi. Kilipopashwa moto, kikayeyuka kwa mwendo wa kadiri. Bati halikuyeyuka ila kwa shida, mpaka lipate joto.

Kwa hiyo mwendo wa kazi hutegemea mambo kadhaa. Hutegemea aina ya metali. Hutegemea joto. Hutegemea pia ukubwa wa vipande, maana vumbi la chuma huliwa upesi kuliko pande moja nene. Na hutegemea jinsi tindikali ilivyokolea.

Kwa nini tindikali iliyokolea hufanya kazi upesi? Leo wanasayansi wanaijua sababu. Tindikali ina chembe ndogo sana, zisizoonekana kwa macho. Chembe hizo hukimbia huku na huku ndani ya maji. Chembe haiwezi kula chuma kwa mbali. Lazima ifike na kugonga uso wa chuma. Tindikali ikizimuliwa sana, chembe zake huwa chache katika maji mengi. Zinagonga chuma mara chache, na mapovu hutoka machache. Tindikali ikikolea, chembe ni nyingi mahali hapohapo. Zinagonga chuma mara nyingi, na mapovu hufoka kwa wingi.

Tuchukue mfano wa shamba. Ekari moja ikilimwa na watu 5, kazi itachukua siku nyingi. Ikilimwa na watu 20, kazi itachukua siku chache. Jembe ni lilelile na ardhi ni ileile. Kilichoongezeka ni watu walioinama shambani kwa wakati mmoja.

Tena utaona kwamba kazi ya tindikali huanza kwa nguvu, kisha hupungua. Sababu ni kwamba chembe zinatumika na kwisha. Ni kama wakulima wanaoondoka mmoja mmoja jua linapozidi. Waliobaki wanaendelea, lakini mwendo si ule wa asubuhi.

6. Mwendo hubadilika, hesabu haibadiliki

Sasa tumefika kwenye jambo kubwa alilolipata Cavendish.

Mtu akiona mapovu mengi yakifoka kwa haraka, atasema kwamba tindikali iliyokolea hutoa hewa nyingi kuliko iliyozimuliwa. Wewe je, unaonaje? Fikiri kidogo kabla ya kuendelea kusoma.

Cavendish hakutaka kukisia. Alichukua waya wa chuma wa uzito fulani. Akautia katika tindikali iliyozimuliwa kwa maji yenye uzito mara moja na nusu ya tindikali yenyewe. Akaipima hewa iliyotoka. Kisha akachukua waya wenye uzito uleule. Safari hii akautia katika tindikali iliyozimuliwa kwa maji yenye uzito mara saba ya tindikali. Akaipima hewa tena.

Hewa ilikuwa sawasawa.

Tindikali moja ilikolea na nyingine ilizimuliwa. Lakini chuma kilipokwisha kuliwa chote, hewa iliyotoka ilikuwa kiasi kilekile. Ukali wa tindikali ulibadili mwendo. Haukubadili hesabu.

Hebu tuitie hesabu yake katika vipimo vyetu. Kwa vipimo vya Cavendish, kilo moja ya chuma ingetoa hewa ya kujaza lita 412. Hayo ni kama madebe 20 ya lita 20. Kilo moja ya zinki ingetoa lita 356, na kilo moja ya bati lita 202. Kila metali ina hesabu yake.

Rudi kwenye mfano wa shamba. Watu 20 watalima ekari moja upesi kuliko watu 5. Lakini mwisho wa kazi, ekari ni moja tu. Wingi wa wakulima hauwezi kuifanya iwe ekari nne.

Lakini liko sharti moja, nalo usilisahau. Tindikali iliyozimuliwa lazima iwe ya kutosha. Ukichukua kikombe kimoja cha tindikali iliyokolea na kikombe kimoja cha iliyozimuliwa, hukuchukua tindikali sawa. Kikombe cha pili kimejaa maji zaidi. Kinaweza kuishiwa nguvu kabla chuma hakijakwisha. Cavendish alihakikisha tindikali inatosha kula chuma chote.

7. Ikikolea kupita kiasi

Cavendish aliona jambo jingine pia. Alijaribu tindikali ya betri isiyozimuliwa kabisa, akaipasha moto pamoja na metali. Hapo ile hewa inayoshika moto haikutoka. Ilitoka hewa nyingine, yenye kukaba roho, inayonuka kama kiberiti kinachoungua.

Leo tunajua zaidi. Tindikali hiyo ikiwa imekolea kabisa, tena ni baridi, haiwezi kula chuma kwa urahisi. Hujitengenezea utando mwembamba juu ya chuma, na utando huo hukizuia kisiliwe. Ndiyo maana tindikali hiyo iliyokolea husafirishwa katika matangi ya chuma. Lakini maji yakiingia ndani ya tangi, tindikali huzimuka na kuanza kulila.

Kwa hiyo tuseme hivi. Kati ya tindikali zilizozimuliwa, iliyokolea zaidi hufanya kazi upesi zaidi. Lakini maji yakikosekana kabisa, mambo hugeuka. Mtu asiyepima asingejua mpaka uko wapi.

8. Alichopata na alichokosea

Mwaka 1766 Cavendish aliandika habari za majaribio yake na kuzipeleka kwa Jumuiya ya Kifalme. Mwaka huohuo alipewa Nishani ya Copley, heshima kubwa ya chama hicho. Alionyesha kwamba hewa inayotoka ni kitu cha peke yake, tofauti na hewa tunayovuta. Ni nyepesi mno. Leo inajulikana kwamba hewa ya kawaida ni nzito kuliko hiyo karibu mara 14.

Je, hewa hiyo ilitoka wapi? Hapa Cavendish alikosea. Aliona kwamba kiasi cha hewa hufuata uzito wa metali, wala hakifuati ukali wa tindikali. Akafikiri kwamba hewa ilikuwa imejificha ndani ya metali. Kumbe ilikuwa ndani ya tindikali. Metali inapoingia, huifukuza hewa hiyo na kukaa mahali pake. Kila gramu ya metali hufukuza kiasi chake tu, si zaidi. Ndiyo sababu hesabu hufuata metali.

Usimcheke kwa kosa hilo. Wasomi wengi wa siku zake waliamini hivyo. Maelezo yake yaliachwa, lakini vipimo vyake vilibaki. Mtu akipima kwa uaminifu na kuandika alichokiona, hata kosa lake huwasaidia wanaokuja nyuma.

Baadaye Cavendish aliiunguza hewa ile pamoja na hewa ya kawaida ndani ya chombo kilichofungwa. Akakuta matone ndani ya chombo. Aliyachunguza, akaona ni maji matupu. Alitangaza habari hizo mwaka 1784. Kabla ya hapo, watu waliamini kwamba maji hayatokani na vitu vingine. Huko Ufaransa, Antoine Lavoisier alieleza maana yake vizuri zaidi, na ile hewa ikapewa jina la haidrojeni. Maana ya jina hilo ni kizaa maji.

Haidrojeni ikapata kazi upesi. Tarehe 27 Agosti 1783, Mfaransa mmoja aitwaye Jacques Charles alirusha puto kubwa mjini Paris. Alilijaza kwa haidrojeni iliyotoka katika chuma na tindikali. Alihitaji karibu nusu tani ya vipande vya chuma, na kazi ya kulijaza ilichukua siku kadhaa. Puto likaruka, likaanguka karibu na kijiji cha Gonesse. Wanakijiji hawakuwa wameelezwa lolote. Wakaliogopa, wakalishambulia kwa zana zao za shamba mpaka likararuka. Tarehe 1 Desemba mwaka huohuo, Charles na mwenzake walipanda puto jingine la haidrojeni, wakasafiri angani na kushuka salama.

9. Kazi nyingine na mwisho wake

Cavendish alichunguza umeme pia. Siku hizo hapakuwa na chombo cha kupima nguvu ya mkondo wa umeme. Alijipitishia mwilini, akalinganisha maumivu. Ndugu msomaji, jambo hilo ni la hatari. Usilijaribu hata siku moja.

Alipokuwa na umri wa miaka 66, alipima uzito wa dunia. Alitumia mipira midogo na mikubwa ya risasi, na waya mwembamba ulioning'inia. Alipata kwamba dunia ni nzito karibu mara tano na nusu kuliko maji ya ukubwa uleule. Habari hizo zilitoka mwaka 1798. Vipimo vya leo havitofautiani sana na chake.

Henry Cavendish alifariki tarehe 24 Februari 1810, akiwa na umri wa miaka 78. Alizikwa katika mji wa Derby. Aliacha mali nyingi sana. Aliacha pia makaratasi mengi ambayo hakuwahi kumwonyesha mtu. Majaribio yake mengi ya umeme hayakuchapishwa mpaka mwaka 1879. Hapo ikaonekana kwamba alikwisha kuyajua mambo ambayo wengine walihangaika kuyatafuta baada yake. Haya yake iliwanyima watu elimu kwa miaka mingi.

Mwaka 1874 maabara kubwa ya sayansi ilifunguliwa Cambridge. Ilijengwa kwa fedha za mtu wa ukoo wake, nayo huitwa Maabara ya Cavendish.

10. Yatufae sisi

Ndugu msomaji, huenda ukauliza mambo haya yanakuhusu nini wewe. Yanakuhusu sana.

Ndoo nyingi na mapipa mengi ya maji yametengenezwa kwa chuma kilichopakwa zinki. Mabati ya kuezekea ni hivyohivyo. Zinki hukilinda chuma kisipate kutu. Lakini umekwisha soma kwamba zinki huliwa na asidi upesi kuliko chuma. Ukiweka maji ya ndimu, ya ukwaju au pombe iliyochacha katika ndoo hiyo, zinki itaanza kuyeyuka na kuingia katika kinywaji. Atakayekunywa anaweza kuumwa tumbo na kutapika.

Mtu atasema kwamba asidi ya ndimu ni dhaifu, haina neno. Mkumbushe somo la Cavendish. Asidi dhaifu hula polepole, lakini hula. Kinywaji kikikaa usiku kucha siku ya arusi au msiba, asidi hiyo dhaifu imepata muda wa kutosha. Kwa hiyo vinywaji vichachu viwekwe katika vyombo vya udongo, vya kioo au vya plastiki iliyotengenezwa kwa chakula.

La pili ni betri za magari na za umeme wa jua. Maji yake ni tindikali. Usiyaguse kwa mkono. Yakikurukia, osha mara moja kwa maji mengi safi. Yakiingia machoni, osha kwa muda mrefu, kisha nenda hospitali. Tindikali ikihitaji kuzimuliwa, hiyo ni kazi ya fundi. Yeye humimina tindikali ndani ya maji, kidogo kidogo. Kamwe hamimini maji ndani ya tindikali, maana joto litapanda ghafla na tindikali itaruka.

La tatu, betri hiyo inapochajiwa hutoa haidrojeni, ile ile hewa ya Cavendish. Usivute sigara wala kuwasha kiberiti karibu nayo. Fungua madirisha, hewa hiyo ipate kutoka.

Ukitaka kuona kwa macho yako, fanya jaribio hili lisilo na hatari. Chukua bilauri mbili za kioo. Katika ya kwanza tia maji ya ndimu matupu. Katika ya pili tia kijiko kimoja cha maji ya ndimu na vijiko saba vya maji. Tia msumari mmoja wa kuezekea mabati katika kila bilauri. Ngoja, kisha tazama ni bilauri gani inayotoa mapovu mengi. Andika ulichokiona na saa uliyokiona. Baadaye mwaga maji hayo, usiyanywe, na bilauri uzioshe vizuri.

Utakuwa umefanya kama Cavendish alivyofanya: umeona, umepima, umeandika.

Maswali ya kujadiliana

1. Cavendish alizaliwa mwaka gani, na alifariki mwaka gani?
2. Kuzimua tindikali maana yake nini?
3. Kwa nini tindikali iliyokolea hula chuma upesi kuliko iliyozimuliwa?
4. Waya wa chuma wenye uzito sawa ulitoa hewa sawa katika tindikali mbili tofauti. Eleza sababu yake kwa mfano wa shamba au mfano wako mwenyewe.
5. Kijijini kwenu, vinywaji vichachu huwekwa katika vyombo gani? Je, vyombo hivyo vinafaa?
6. Cavendish aliyaficha mengi aliyoyajua. Je, wewe una ujuzi gani ambao hujawafundisha wenzako?